Rubani akiongezewa miaka kazini, walio nyuma yake wanasubiri nini?

Kila unapozuka mjadala wa kuongeza umri wa marubani kustaafu, abiria huuliza jambo moja: mtu wa miaka 66 ataimudu ndege salama? Ni swali halali, na nitalifikia. Lakini ukiwasikiliza marubani wenyewe wakibishana, utaona kwamba moyo na macho hawavitaji sana. Wanabishania foleni.

Katika mashirika mengi makubwa, hasa ya Marekani, rubani anapoajiriwa hupewa namba kwa kufuata tarehe aliyoingia kazini. Namba hiyo ndiyo itakayoamua atarusha ndege ya aina gani, atakuwa kituo kipi, atapata zamu zipi, likizo yake itaangukia mwezi gani, na lini atahama kiti cha kulia cha rubani msaidizi kwenda kiti cha kushoto cha kapteni. Ustadi hupimwa, tena mara kwa mara, ila kipimo chake ni kufaulu au kushindwa. Kurusha vizuri kuliko wenzako hakukupandishi juu ya waliokutangulia. Ukihamia shirika jingine unaanzia mkiani, hata kama ulikuwa kapteni kwa miaka 20. Namba yako inasogea shirika linapoongeza ndege au walio juu yako wanapoondoka. Na biashara ikiyumba, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kupunguzwa.

Ndiyo maana kapteni mmoja wa masafa marefu akistaafu, nafasi zinazofunguka ni nyingi. Kiti chake kinachukuliwa na kapteni wa ndege ndogo zaidi, cha huyo kinakwenda kwa rubani msaidizi, na kadhalika hadi mlangoni, ambako mtu mpya anaajiriwa. Kapteni huyo akibaki, hao wote wanabaki walipo.

Hali hii imekwisha kuonekana. Mwaka 1959 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipitisha kanuni ya kustaafu marubani wa mashirika wakiwa na miaka 60, na ilidumu kwa karibu nusu karne. Novemba 2006 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, likasogeza kikomo hadi 65 kwa safari za kimataifa, kwa sharti kwamba kapteni aliyepita 60 arushe na mwenzake aliye chini ya umri huo. (Sharti hilo liliondolewa mwaka 2014.) Desemba 13, 2007 Rais George W. Bush akatia saini sheria iliyoifanya 65 kuwa kikomo nchini Marekani, na ikaanza kazi siku hiyohiyo. Aliyefikisha 60 wiki moja kabla hakurudishiwa namba yake. Kama alitaka kurudi, aliomba kazi kama mgeni.

Chama kikubwa cha marubani cha Amerika Kaskazini, ALPA, kilikuwa kimetetea kikomo cha 60 kwa miaka mingi, kisha kikageuka Mei 2007. Sababu kubwa ilikuwa pesa za uzeeni. Mashirika kadhaa yalikuwa yamefilisika na kuacha mipango yao ya pensheni. Ya shirika la ndege la United iliangukia mikononi mwa mfuko wa bima ya pensheni wa serikali mwaka 2005. Mfuko huo ulimpunguzia malipo anayestaafu kabla ya 65, ilhali sheria ilimlazimisha rubani kuondoka akiwa na 60. Ni vigumu kumlaumu mtu wa namna hiyo kwa kutaka miaka mingine mitano.

Ila miaka hiyo mitano ililipiwa na mtu. Hadi Desemba 2012, kustaafu kwa sababu ya umri kulikuwa karibu kumesimama. Katikati yake ukaja mdororo wa uchumi wa 2008, mashirika yakapunguza marubani, na wengine wakakaa kiti cha kulia muda mrefu kuliko walivyopanga maisha yao.

Sasa mvutano ni wa 67. Baraza la Wawakilishi la Marekani liliipitisha mwaka 2023, lakini sheria ya mwisho ya Mei 2024 ikaiacha nje. Mwaka 2025 IATA, umoja wa mashirika ya ndege, ukaipeleka ICAO, na mkutano mkuu wa Montreal ukamalizika 65 ikiwa palepale. Mashirika madogo ya mikoani ya Marekani yanaitaka kwa sababu makapteni wao huvutwa na mashirika makubwa. Wakongwe wakibaki kule juu, mvuto huo unapungua. ALPA, safari hii, inapinga.

Je, kijana anaporwa? Tufanye hesabu ya mfano. Rubani msaidizi analipwa 6 kwa mwaka, kapteni 10. Kuchelewa miaka miwili kupanda kunampotezea 4 kila mwaka, jumla 8. Mwishoni mwa kazi naye atapata miaka miwili ya ziada akiwa kapteni, yaani 20. Kwenye karatasi amefaidi, na anayesema vijana wote wanaumizwa sawasawa anatia chumvi. Lakini ile 8 inatoka mfukoni leo, pengine akiwa bado analipa mkopo wa mafunzo. Ile 20 iko miaka 30 mbele, na inategemea cheti cha afya ambacho baadhi ya marubani hukipoteza kabla ya kufika huko. Aliye mkiani kabisa yuko pabaya zaidi: mdororo ukimkuta hapo, hapotezi 4, anapoteza kazi.

Kuna tatizo jingine ambalo husemwa kwa nadra. Nchi moja ikiruhusu 67 peke yake, kapteni wa miaka 65 anayerusha ndege kubwa kuvuka bahari hawezi kuendelea na safari hizo, kwa kuwa kikomo cha kimataifa bado ni 65. Kwa namba yake ya juu atadai kiti cha ndege ndogo ya safari za ndani. Aliyekuwa hapo anasukumwa chini, naye anamsukuma mwingine, na karibu kila anayehama lazima arudi kwenye simuleta kufunzwa ndege nyingine. Mpango uliokusudiwa kupunguza uhaba unaishia kuwatoa marubani angani na kuwaweka darasani.

Kuhusu afya, hakuna siku ya kuzaliwa ambayo mwili hubadilika ghafla. Kadiri watu wanavyozeeka ndivyo wanavyozidi kutofautiana, na kikomo kimoja kwa wote ni kipimo butu. Ndiyo maana kanuni za ICAO zinamtaka rubani wa mashirika aliyepita 60 apimwe kila miezi 6, na rubani wa pili yupo pia kwa dharura ya mwenzake kuzidiwa. Nadhani swali la afya linaweza kujibiwa kwa vipimo bora.

La foleni halijibiwi na daktari. Kama kikomo kitasogezwa, ningependa kianze kwenye kanuni ya kimataifa, kisha kiongezwe kwa miezi michache kila mwaka badala ya kuruka usiku mmoja kama 2007, ili kila mwaka wapatikane wanaoondoka na rubani msaidizi aweze kuhesabu zamu yake itafika lini.