"Ikae Vile Inakaa kwa Kompyuta": Dhana Zinazonichosha

Wiki iliyopita mteja wa tatu mwezi huu aliketi mbele ya meza yangu, ghorofani karibu na Moi Avenue, Nairobi, akanigeuzia laptopu yake, akaweka simu kando yake. "Fundi," akasema, "nataka hii ikae vile hii inakaa. Hivyohivyo. Usibadilishe kitu." Nikamwitikia kwa adabu, kisha nikaenda kuchemsha chai nisije nikasema neno la kujutia. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu violesura vyao wenyewe, yaani skrini, menyu na vitufe vya kuendeshea programu, vinavyotumika kwenye kompyuta na kwenye simu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba mteja akishaweka simu kando ya laptopu, sentensi ninaweza kumalizia mwenyewe.

"Kiolesura kimoja ni skrini moja: kubwa kwenye kompyuta, ndogo kwenye simu"

Hapana. Ukipunguza skrini ya kompyuta hupati skrini ya simu. Unapata skrini ya kompyuta isiyosomeka.

Chukua rula ya mtoto wa shule, mimi ninayo kwenye droo. Laptopu ya inchi 14 ina upana wa karibu sentimita 31. Simu ya inchi 6.5 ukiishika wima haifiki sentimita 7. Maana yake kila kitu kigawanywe kwa nne na zaidi. Kitufe kilichokuwa na sentimita 2 kinabaki na milimita 4 na ushee. Sasa weka kidole gumba chako juu ya rula uone kimefunika milimita ngapi. Google wanawashauri watengenezaji wa programu za Android wasiweke kitu cha kuguswa chini ya dp 48 (dp ni kipimo chao cha ukubwa kwenye skrini), na mwongozo wao unataja milimita 7 hadi 10. Apple nao, kwa kipimo chao, husema pointi 44. Hawakukaa wakabuni namba hizo kwa kujifurahisha. Wanapima vidole, na vidole haviongezwi usahihi kwa sababu mwenye duka anapenda jedwali lake.

Ninasema kwa uchungu kwa sababu mara ya kwanza nilitii. Mteja alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kariobangi. Kwenye kompyuta ya karani alikuwa na jedwali la safu tisa: jina la bidhaa, kipimo, idadi, bei ya kununua, bei ya kuuza, msambazaji, tarehe, na nyingine mbili ambazo hata yeye hakujua za nini. Mwisho wa kila mstari palikuwa na vitufe viwili, Hifadhi na Futa, vikiwa bega kwa bega. Akataka hivyohivyo kwenye simu ya kijana wa stoo. Nikampa hivyohivyo, nikalipwa, nikaenda zangu.

Siku nne baadaye akanipigia: bidhaa zinapotea kwenye mfumo. Nikaenda. Nilisimama stoo kando ya rafu ya mabati, nikamtazama yule kijana akihesabu misumari. Kidole kimejaa vumbi la saruji. Anaikuza skrini kwa vidole viwili, anasukuma kulia kutafuta safu ya idadi, akiipata hajui tena yuko mstari wa bidhaa gani. Anarudi kushoto, anasoma "misumari inchi 3", anasukuma tena kulia, anaandika 40. Kibodi imepanda imefunika karibu nusu ya skrini. Anagusa Hifadhi. Isipokuwa hakugusa Hifadhi. Mstari ukatoweka, naye akaniangalia akasema, "Ni network, mkubwa." Haikuwa network. Nilikuwa mimi.

Tulipoirekebisha, simu ilibaki na vitu vitatu tu kwa kila bidhaa: jina, idadi iliyopo, na mahali ilipo stoo. Bidhaa moja, kadi moja. Ukiigusa ndipo unaona mengine. Hifadhi ikawa kitufe kipana chini kabisa, gumba linapofika bila kuhangaika. Futa tuliiondoa usoni, ikaenda ndani ya menyu, na ukiigusa inakuuliza kwanza. Karani wa kaunta hakuguswa. Safu zake tisa anazo mpaka leo, kwa sababu yeye ameketi, ana kipanya na kibodi halisi, na anataka kuona mistari thelathini kwa pamoja. Bidhaa ni zilezile, watu wawili, kazi mbili. Kijana wa stoo hajawahi kuhitaji bei ya kununua, na kusema kweli mwenye duka hakupenda aione.

Kipanya nacho kina mambo ambayo kidole hakina. Kipanya huelea juu ya aikoni bila kubofya, na maelezo yakajitokeza. Kidole hakielei, ama kimegusa ama hakijagusa. Kwa hiyo kila kilichofichwa kwenye maelezo yale kinakuwa siri kwa mtu wa simu. Kubofya kulia, kuburuta kutoka dirisha hadi dirisha, njia za mkato za kibodi: vyote vinahitaji mlango mwingine kwenye simu. Mlango huo hautokei kwa kupunguza picha.

Wapo wanaoniambia kampuni kubwa zimeweza. Kampuni kubwa ndizo zilizoungua kwanza. Simu za Windows za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na menyu ya Start na kialama kidogo cha X kama cha kompyuta, na ulihitaji kijiti cha plastiki kuvigusa. Mwaka 2012 Microsoft wakageuza upande wa pili: Windows 8 ikawaletea watu wa kompyuta ukurasa wa vigae vikubwa vya kugusa, na kitufe cha Start kikaondolewa. Watu waliokuwa na kipanya mkononi wakawa wanatafuta jinsi ya kuzima mashine. Mwaka 2013 kitufe kikarudishwa kwenye 8.1, na mwaka 2015 menyu yenyewe ikarudi na Windows 10. Kulazimisha sura moja kumeshajaribiwa kutoka pande zote mbili, na kwa fedha ambazo mimi na wewe hatutazishika.

Basi kinachopaswa kufanana ni nini? Maneno, kwanza. Kompyuta ikisema "Bidhaa", simu isiseme "Stoki". Aikoni ya oda iwe ileile. Mpangilio wa hatua uwe uleule: chagua, hesabu, hifadhi. Rangi ya hatari isiwe nyekundu huku na ya chungwa kule. Mtu akijua kimoja ajikute anakijua cha pili, hata kama havifanani kwa macho.

Siku hizi sibishani tena. Ninafungua laptopu yangu ya Linux, mfumo endeshi kama Windows ilivyo, ninafungua Mipangilio ya GNOME, mazingira ya madirisha ninayotumia humo, ninamwambia mteja ashike ukingo wa dirisha alivute lipungue. Likiwa pana, orodha iko kushoto na ukurasa kulia. Akizidi kulibana, pande mbili zinaachana: inabaki orodha peke yake, na ukigusa kitu ndipo ukurasa wake unafunguka, pamoja na mshale wa kurudi. Programu ni ileile na hakuna kilichopotea. GNOME wana maktaba yao ya msimbo ya kazi hiyo, libadwaita, na KDE, wenzao wa Linux, wana Kirigami. Watengenezaji wa tovuti wana desturi hiyo tangu mwenzao Ethan Marcotte alipoiandikia makala na kuipa jina, "responsive web design", mwaka 2010. Mteja wa wiki iliyopita alilivuta dirisha mara sita, kama mtoto na mlango wa friji.

"Simu yangu ni ya USB-C, kwa hiyo nikiichomeka kwenye monita inakuwa kompyuta"

Umbo la tundu hilo la kuchajia halikuambii kilicho nyuma yake. Ili picha itoke kwa kebo hiyo, simu kwa kawaida inahitaji kuwa na DisplayPort, njia ya kutoa picha, kupitia USB-C, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Zina USB 2.0 ya kuchajia na kuhamishia faili, basi. Nimeshawaona watu wakitoka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, na adapta mpya, wanairudisha kesho yake wakidai ni mbovu. Adapta ni nzima. Samsung walileta DeX, inayoipa simu sura ya kompyuta kwenye monita, mwaka 2017 na Galaxy S8, lakini hata kwao si kila Galaxy inayo. Soma maelezo ya modeli yako kamili, herufi na namba zote, kabla hujatoa pesa.

"Programu zangu za Windows zitafunguka kwenye simu ikishachomekwa"

Hazifunguki. Utapata madirisha, upau wa chini, hata kipanya, lakini ndani ni programu za Android zilezile. Ile programu yako ya uhasibu ya Windows imeandikwa kwa mfumo endeshi mwingine, na mara nyingi kwa prosesa ya aina nyingine. Kama maisha yako yako ndani yake, nunua laptopu.

"Nikibadilisha kwenye kompyuta, simu itajua"

Itajuaje? Kiolesura ni uso. Data husafiri kwa sababu kuna mtu aliandika jinsi ya kuisafirisha, na jinsi ya kuamua nani ana haki watu wawili wakibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapa Nairobi ninaongeza swali la tatu: stima zikipotea, au mtandao ukigoma chini ya mabati? Mimi kila mfumo wangu huhifadhi kwanza kwenye kifaa chenyewe, kisha hutuma ukipata njia. Wateja wananiona mkaidi. Sawa.

"Mambo ya simu na kompyuta kuwa kitu kimoja yalikufa na Ubuntu"

Ni kweli Canonical, kampuni ya mfumo endeshi wa Ubuntu, waliahidiwa na watu karibu dola milioni 12.8 mwaka 2013 kwa ajili ya simu ya Ubuntu Edge, wakati lengo lilikuwa milioni 32, na kwamba mwanzilishi wao Mark Shuttleworth alitangaza mwaka 2017 kuwa wanaachana na safari hiyo. Lakini Ubuntu Touch, yaani Ubuntu ya simu, ilichukuliwa na jamii ya UBports, na ingali hai. Violesura vingine vya Linux kwenye simu navyo vipo: Plasma Mobile ya KDE ipo, Phosh ipo. Mimi hucheza nazo Jumapili. Je, ningekupa uendeshee biashara? Kama programu ya benki yako haifunguki humo, mjadala umekwisha.

"Kiswahili tutaongeza mwisho"

Hili ni dogo, lakini linaniudhi kuliko ukubwa wake. Kitufe kilichochorwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne hakitoshi "Hifadhi", na "Mipangilio" ndiyo kabisa. Kwenye kompyuta hutaona tatizo, nafasi ipo. Kwenye simu neno linakatwa. Ninachora kwa Kiswahili kwanza, kwa neno refu kuliko yote nitakaloweza kulihitaji, na Kiingereza kitajipanga chenyewe. Kuna ofisi moja niliyoitwa kurekebisha kazi ya mtu mwingine, ambapo kitufe kilikuwa kimesomeka "Hifad" tangu mwanzo. Nilipouliza, karani mmoja akanieleza kwa utulivu kwamba Hifad ndiyo jina la programu.