Akili za kuambiwa na imani ya kurithi

Nimefundisha saikolojia ya dini kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali ninaloulizwa kuliko yote haliulizwi wakati wa kipindi. Huja kipindi kikiisha, wenzake wakishatoka, mtu amesimama mlangoni na begi kifuani, sauti ameishusha: "Mwalimu, hivi ni dhambi kujiuliza kama haya ninayoyaamini ni yangu au ni ya wazazi wangu?"

Kwanza humwambia aketi. Anayeuliza hivyo amelibeba swali lake kwa miezi, pengine miaka, na neno la kwanza atakalolisikia litakaa naye kuliko maelezo yote nitakayompa baadaye. Humwambia si dhambi, na kwamba wapo vigogo wa dini waliolipitia swali hilohilo kabla yake. Jibu refu hufuata, nalo ndilo ninaloliandika hapa.

Imani huingia kwa mlango ambao akili bado haiulindi. Mtoto huiona dini kabla ya kuielewa: vichwa vinavyoinama, viganja vinavyofunguka, sauti ya mama inavyobadilika akilitaja jina la Mungu. Sala yangu ya kwanza niliikariri nikiwa sijui maana ya nusu ya maneno yake. Neno moja nililitamka visivyo mpaka nilipofika miaka tisa, na hata hivyo lilinituliza kila taa ilipozimwa. Sioni aibu kwa hilo, wala simwonei huruma mtoto aliyelelewa hivyo. Lugha tumeipokea vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kusubiri kufikisha miaka kumi na minane ndipo achague lugha ya kuzungumza.

Tofauti ni kwamba lugha haidai kuwa kweli. Dini inadai. Siku ambayo mtoto anagundua kwamba rafiki yake wa dini nyingine naye alifundishwa na mama anayempenda, kwa sauti ileile laini, mambo yanayopingana na ya kwake, swali linazaliwa. Halihitaji mtu mbaya wa kumpotosha. Linahitaji macho tu.

Aliyeliona mapema na kuliandika kwa uwazi wa kushangaza ni Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 1058. Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake mwenyewe, anasema aliona tangu ujana kwamba watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi hukua Wayahudi, na wa Waislamu hukua Waislamu. Aliikumbuka hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile yake ya asili, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Majusi. Akataka kujua maumbile hayo ni yapi, kabla ya mtu kuwekewa chochote juu yake. Kufuata bila kuhoji wanachuoni hukuita taklidi, na kuhusu taklidi aliandika jambo ambalo kila mwaka nalisoma darasani polepole. Sharti la mtu wa taklidi, anasema, ni kutojua kwamba yumo ndani yake. Akishajua, kioo cha taklidi yake kimevunjika, na vipande haviungiki tena kwa gundi. Njia iliyobaki ni kukiyeyusha motoni na kukifinyanga upya.

Tazama mfano huo kwa makini. Yule kijana wa mlangoni amekuja kwangu akitumaini mojawapo kati ya mambo mawili: nimpe gundi, arudi alivyokuwa, au nimwambie vipande ni takataka, avitupe aondoke huru. Al-Ghazali hatoi gundi wala hatupi vipande. Malighafi inabaki ileile. Inayobadilika ni namna ilivyoshikana. Na moto ni moto, hakuna anayeupita bila kuusikia. Yeye mwenyewe anasimulia karibu miezi miwili ambayo hakuweza kuyaamini hata macho yake. Baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri Baghdad, alipatwa na mtikisiko wa pili, na huu ulihusu nia: aligundua kwamba anafundisha kwa ajili ya jina. Ulimi ukagoma kutamka darasani, tonge likawa halipiti kooni, matabibu wakakata tamaa. Aliacha kazi akaenda Sham, yaani nchi za Syria na jirani zake, na hakurudi kufundisha rasmi mpaka 1106.

Waswahili tuna msemo: akili za kuambiwa, changanya na zako. Mara nyingi watu huutumia kana kwamba unasema tupa za kuambiwa ubaki na zako. Haukusema hivyo. Umesema changanya, na kuchanganya kunahitaji vitu viwili. Nimekutana na wengi wanaodhani kuwaza kwao wenyewe kulianza siku walipoacha dini ya nyumbani. Nikiwauliza sababu, wananipa hoja za msemaji mmoja waliyemsikiliza mtandaoni, kwa maneno yake, kwa mpangilio wake, mpaka na mifano yake. Wamehama kundi. Taklidi haijaondoka, imebadilisha imamu. Na nimekutana na wanaosali kila siku sala walizofundishwa utotoni, lakini kila neno wamelipima, wamelilipia, na wanaweza kukueleza kwa nini bado linabaki midomoni mwao.

Mwanasaikolojia James Marcia alitoa mwaka 1966 kipimo ambacho bado nakiona kinafaa. Aliwahoji vijana wa chuo kuhusu kazi, dini na siasa, akitafuta mambo mawili: je, kijana amepitia kipindi cha kuhoji, na je, ameshika msimamo? Hapo zikapatikana hali nne. Yupo aliyeshika bila kuhoji. Yupo anayehoji na bado hajashika. Yupo aliyehoji kisha akashika. Na yupo asiyehoji wala kushika, mambo yote kwake sawa. Kinachonivutia ni kwamba kipimo hakiulizi *unaamini nini*. Kinauliza umefikaje. Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakaimba wimbo mmoja, na mmoja akawa anaishi katika nyumba aliyoijenga huku mwenzake bado analala kwenye chumba alichowekwa akiwa mtoto.

Kwa nini kuhoji ni kugumu hivyo, wakati maandiko yenyewe hayakukataza? Kurani, katika sura ya pili, aya ya 170, inawalaumu wanaosema tutafuata tuliyowakuta nayo baba zetu. Na katika aya ya 260 Ibrahimu anamwomba Mola wake amwonyeshe anavyofufua wafu, akisema anaamini, ila apate utulivu wa moyo. Matendo ya Mitume 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya walimu wa Kiyahudi, imehifadhi rai za shule ya mwalimu Shamai hata pale hukumu ilipokwenda na shule ya mpinzani wake, Hileli. Kwa hiyo ugumu hautoki kitabuni.

Unatoka kwenye kundi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu chumbani na kuwaonyesha mistari, wataje ni upi unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa, na kwa zamu maalumu walitaja jibu la uongo kwa pamoja. Takriban theluthi ya majibu ya wale wasiojua yalifuata kosa la kundi, na robo tatu yao walifuata angalau mara moja. Hiyo ilikuwa ni mistari tu kwenye kadi, mbele ya watu wasiofahamiana. Weka pale mama, bibi, ndoa unayoitarajia, na makaburi ya watu wenu, ndipo utaelewa kwa nini kijana ananong'ona mlangoni. Asch aliona na jambo jingine: alipokuwepo mtu mmoja tu chumbani anayetaja kile anachokiona kweli, kulifuata kundi kulishuka sana. Mmoja tu. Kwa sababu hiyo simshauri mtu ajifungie peke yake na maswali yake. Anayewaza mwenyewe anahitaji mwenzake wa kuwaza naye, na ni bora mwenzake huyo asiwe na faida yoyote katika jibu.

Wengi hunitajia maneno ya Budha kwa Wakalama, watu waliomlalamikia kwamba kila mwalimu anayepita anasifu mafundisho yake na kuyaponda ya wengine. Budha aliwaambia wana haki ya kuwa na shaka, na wasishike jambo kwa kuwa limesikika, limerithiwa au limo katika maandiko. Hapo ndipo wanaonitajia hukomea. Lakini orodha inaendelea: wasilishike pia kwa sababu ya mantiki peke yake, wala kwa sababu linaafikiana na maoni waliyo nayo tayari, wala kwa kuwa msemaji anaonekana hodari. Waangalie likitendwa linaleta madhara au manufaa, na wenye hekima wanalionaje. Sehemu ile ya maoni tuliyo nayo tayari ndiyo inayouma. Ni rahisi kumshuku baba kuliko kulishuku lile tunalotamani liwe kweli.

Sasa nieleze ninachofanya na anayetaka kuanza. Nampa karatasi. Aandike imani zake, moja kila mstari, na ziwe ndogo. "Naamini Mungu yupo" ni kubwa mno kuanza nayo. Mbele ya kila mstari ajibu maswali matatu: nani aliniambia kwanza, nini kimetokea tangu hapo kilichoifanya kuwa yangu, na nitapoteza nini, au nitamkosa nani, ikiwa si kweli. Swali la tatu ndilo hukaa tupu muda mrefu. Kalamu husimama hapo.

Msichana mmoja aliniletea mistari sita. Wa tatu ulisema Mungu humpa mtu ugonjwa kwa sababu ya dhambi zake. Aliyemwambia kwanza: shangazi, kando ya kitanda cha mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Kilichoifanya kuwa yake: hakuna. Alikuwa amefika kwangu akiwa tayari kuacha dini yote, na mzizi ulikuwa mstari ule mmoja. Nilimwomba asome kitabu cha Ayubu, ambamo marafiki wanaoshikilia dai hilohilo ndio wanaokemewa mwishoni, kisha Yohana 9, ambapo Yesu anaulizwa kuhusu kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, na anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Alisoma palepale ofisini. Alilia, na mimi nikanyamaza, maana mdogo wake hakupona, na hakuna aya iliyokuwa na kazi pale kwa wakati ule.

Hapo nimegusa jambo ambalo vitabu vya taaluma yangu hulipita haraka. Mashaka si ya aina moja. Kuna shaka la hoja, linalotaka usomaji na mjadala. Kuna shaka la jeraha: mtu alidhalilishwa na kiongozi wa dini, au aliomba akafiwa. Ukimpa huyu hoja unamuumiza mara ya pili. Kuna na shaka la uchovu, la mtu aliyebebeshwa shughuli za ibada mpaka hajui tena kwa nini anakwenda. Huyu anahitaji kupumzika kabla ya kuamua lolote. Kabla hujabishana na shaka lako, jua kwanza ni lipi.

Mwingine alijaza karatasi ileile kwa uaminifu uleule, akafika mahali pa kusema haamini tena. Sikumwona kama aliyeshindwa. Nilimpa kipimo ninachompa pia anayebaki: eleza imani ya unayempinga mpaka mwenyewe, akikusikia, aseme ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini. Aliyeondoka asiyeweza kufanya hivyo bado ana deni, na aliyebaki asiyeweza analo pia.

Kwa wazazi wanaosoma hapa: Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 18, linatambua haki ya kila mtu ya uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na kubadili dini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 14, unampa mtoto uhuru huo na kuwatambua wazazi kama waelekezaji, kwa kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Kuelekeza ni kazi yenu, wala msiikimbie kwa kisingizio cha uhuru. Mtoto asiyepewa chochote hana cha kuchanganya. Ila akiuliza, msimjibu kwa hofu yenu. "Sijui, tutafute wote" haijawahi kumwondoa mtoto niliyemfahamu katika dini. "Nyamaza" imewaondoa wengi.

Na kwa kijana anayelala na kula kwa wazazi wake: kuwaza hakukulazimishi kutangaza. Una haki ya kukaa na swali kimya mpaka uwe mahali salama, na huo si unafiki.

Yule msichana alirudi baada ya wiki sita na karatasi ileile, imekunjwa mara nne. Mstari wa tatu ameufuta kwa wino. Minne ameiacha, miwili kati yake ameiandika upya kwa maneno yake. Wa mwisho, kuhusu sala zinazojibiwa, ameuwekea alama ya kuulizia tu. Akataka kujua kama anaruhusiwa kuendelea kusali mstari huo ukiwa hivyo. Nilimwambia ninao mmoja wa namna hiyo tangu nikiwa na umri wake, na kwamba asubuhi ile nilikuwa nimesali.