"Mimi Nina Miaka Ishirini Kazini": Dhana Inayonichosha

Nafundisha watu wazima ambao tayari wana kazi zao, na hakuna darasa ninaloanza bila mtu kuninyooshea mkono: "Mwalimu, mimi nina miaka ishirini kwenye fani hii. Uzoefu unatosha." Hautoshi.

Mtu akishaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, mikono huanza kujiendea na akili hupumzika. Hapo hukoma kukua, hata akiendelea kuhesabu miaka. Mwaka 2005 ulitoka uchambuzi wa tathmini 62 zilizolinganisha miaka ya madaktari kazini na ubora wa utendaji wao. Katika zaidi ya nusu ya tathmini hizo, vipimo vyote vilishuka kadiri miaka ilivyozidi. Ni madaktari hao, halafu wewe unanitajia tarehe ya kuajiriwa!

Kinachokosekana ni mrejesho. Anayesoma picha za eksirei huandika maoni yake, bahasha ikaondoka, na mara nyingi hasikii tena mgonjwa aliishia wapi. Akikosea vilevile kwa miaka kumi, nani atamwambia?

Kwa hiyo nawasumbua wanafunzi wangu kwa jambo moja: kabla ya kazi, andika unachotarajia kitokee na kwa nini. Kabla, si baada. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba tukishajua matokeo, tunaamini tulikuwa tunayajua tangu mwanzo. Kumbukumbu itakutetea, karatasi haitakutetea. Matokeo yakija, soma ulichoandika, tafuta ulipopotoka, kisha fanyia mazoezi kipande hicho tu mpaka kikae. Wengi huniambia hawana muda. Mistari mitatu!

Na ile dhana kwamba saa 10,000 za mazoezi humfanya mtu bingwa? Hizo zilikuwa wastani wa kundi bora la vijana wapiga fidla wa Berlin walipofikisha miaka 20, katika utafiti wa 1993 wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake. Wengine kundini hawakuzifikia. Tena zilihesabiwa saa za kujifua peke yao, si za kutumbuiza.

"Makosa yanafundisha." Yakichunguzwa, ndiyo. Yasipochunguzwa hurudiwa.

Na wanaodhani tafakuri ni ya jioni, kazi ikishakwisha: mwanazuoni Donald Schön alieleza tangu 1983 kwamba mtaalamu hutafakari pia katikati ya kazi, pale jambo linapokwenda asivyotarajia, akabadili mbinu papo hapo. Ukishtuka kazini, usiharakishe kupita. Jiulize ulitarajia nini.