Mafuta ya chupa hayana kolestro, sawa, ila nani alikwambia mawese yanayo?

Juzi nilikua Ujiji kwa mama mmoja, sisi wa elimu ya afya huwa tunapita majumbani kuongea mambo ya lishe. Jikoni kwake kuna kidumu cha mawese kimekaa chini karibu na figa, halafu juu ya kabati kuna chupa ya mafuta meupe imepangwa kabisa kama pambo. Nikamuuliza mama hii mbona hujaifungua, akasema "hayo ya wageni mwanangu, haya mekundu yetu yana kolestro, hujasikia redioni?"

Sasa ngoja niseme ukweli. Kolestro iko kwenye vyakula vya wanyama, yaani nyama, mayai, maziwa. Mafuta ya mmea hayana, iwe alizeti, iwe karanga, iwe mchikichi wa hapa hapa Kigoma. (Mawese karibu nusu yake ni aina ya mafuta inayoweza kupandisha kolestro mwilini ukizidisha, kwa hiyo migebuka, samaki wetu wa ziwani, isiogelee ndani yake jamani, ila hiyo ni habari nyingine.) Tangazo la redioni lilisema mafuta ya chupa hayana kolestro, halikudanganya hata neno moja, na hapo ndo ujanja ulipo, lilisema jambo la kweli kuhusu chupa yake likanyamaza, sentensi ya pili kuhusu kidumu mama akaimalizia mwenyewe, na hela ikatoka.

Halafu kuna kurudiarudia. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi mbalimbali mara 3, kila baada ya wiki 2, zingine za kweli zingine uongo. Zile zilizojirudia wanafunzi wakazidi kuziona za kweli, hata za uongo, yaani sikio likishazoea kitu linakipa heshima.

Ila mimi naona tunaionea redio. Nilipombana yule mama alisikia lini, kumbe hakusikia, aliambiwa na shoga yake sokoni ambaye ndo alisikia! Wazee watakumbuka Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni ya 1973, watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi, wanasikiliza kipindi, kisha wanajadiliana na kiongozi wao ana kitabu mkononi, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Redio ilileta habari, lakini choo kilichimbwa sababu jirani naye anachimba.

Wasap inapita njia ile ile, tofauti hakuna mwenye kitabu. Ile sauti ya "mjomba wangu daktari amesema" unaiamini kwa vile imetumwa na shemeji yako, huyo daktari mwenyewe humjui wala shemeji hamjui. Mi nilishawahi kutupia kwenye grupu la mtaa maelezo marefu ya kusahihisha uvumi kama huo, nimeyapanga vizuri, nikaambulia dole gumba moja. Nikaenda kumweleza dada mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi, jioni hiyo hiyo watu wananipigia kuuliza.

Kwa yule mama nilikaa kama saa nzima, tukaisoma chupa maandishi yote mpaka yale madogo. Akacheka, akasema basi wageni nao watakula mekundu. Nimepita tena wiki hii, chupa bado iko juu ya kabati.