Je, tangazo la 1863 liliwaacha huru watumwa wote Marekani?

Wengi huamini kwamba utumwa Marekani ulikoma Januari 1, 1863, Rais Abraham Lincoln alipotoa tangazo la ukombozi katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kumbe lilihusu maeneo yaliyoasi tu. Kentucky, Delaware, Maryland na Missouri, majimbo yenye watumwa yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa. Huko Texas, tangazo hilo lilitangazwa rasmi Juni 19, 1865. Marufuku ya nchi nzima ilikuja Desemba mwaka huo, kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba (nayo yaliacha mwanya kwa waliohukumiwa kwa uhalifu). Anayetaka kuhakikisha asome tangazo lenyewe. Ni fupi, limo mtandaoni bure, na linataja majimbo kwa majina, hadi sehemu za Louisiana zilizoachwa nje.