Dakika moja na mnyeo: tiki zinavyotibiwa bila dawa

Mtoto anatikisa shingo, mzazi anafoka "acha hiyo!", shingo inatikisika tena. Muulize kinachotangulia. Wengi waliofika miaka kumi hivi hukwambia shingo huwasha kwa ndani au hukaza, na wakiitikisa wanapata nafuu. Hisia hiyo ya kuwasha au kukaza ndiyo mnyeo, kitendo hicho cha ghafla kinachojirudia ndicho tiki, na nafuu ndiyo mshahara wa tiki. Kila ikilipwa, tiki inazidi kukomaa, na karipio haligusi mnyeo hata kidogo.

Mwaka 1973 Wamarekani Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walichapisha mbinu ya kugeuza mazoea, kwa ajili ya tiki na tabia kama kung'ata kucha na kunyofoa nywele. Bado ndiyo msingi wa tiba hii.

Huanza na tiki moja tu, ile inayosumbua zaidi. Ieleze vipande vipande: macho yanabana, kidevu kinapanda, kisha shingo inageuka ghafla kulia. Mgonjwa akiwa anazungumza na mtaalamu, anyanyue kidole kila ikija, ikimpita, akumbushwe. Msiendelee mpaka aikamate kama mara 8 kati ya 10. Hatua hii inachosha, ndiyo maana huharakishwa, na naona hapo ndipo tiba nyingi huharibikia.

Kisha kitendo pinzani: jambo lisiloweza kufanyika pamoja na tiki, lisilovuta macho ya watu, na linaloweza kushikiliwa. Kwa shingo, shusha kidevu kidogo, tazama mbele, kaza misuli taratibu. Kwa tiki ya kusafisha koo, funga mdomo na uvute pumzi polepole kwa pua. Anza mnyeo unapoingia. Kama tiki imeshakuponyoka, anza vilevile. Shikilia dakika moja, au zaidi mpaka mnyeo utulie. Ukiachia sekunde ya kumi, mnyeo bado uko juu, na mwili haujajifunza kwamba hushuka wenyewe.

(Kope linalocheza, lile ambalo watu hulitafutia habari njema au mbaya, kwa kawaida si tiki. Halina mnyeo wala huwezi kulizuia hata kidogo. Usilifanyie mazoezi haya.)

Nyumbani, mzazi asifie zoezi lililofanyika na asiitaje tiki. Angalia pia kinachoifuata: mtoto anayeondolewa mezani au kusamehewa hesabu kila akitikisika amepata mshahara wa pili.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 126 wa miaka 9 hadi 17. Baada ya vikao 8 ndani ya wiki 10, asilimia 52.5 ya waliopata tiba ya aina hii walipata nafuu kubwa, dhidi ya 18.5 ya waliopewa elimu na ushauri tu. Nafuu, si kupona kabisa. Tena tiki hupanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo wiki moja ya utulivu isikufanye uache mazoezi.