Kocha bora si lazima awe bingwa

Wengi hudhani kwamba tuzo ya kocha bora wa mwaka katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu hupewa aliyetwaa ubingwa. Sivyo. Mwaka 2024, tuzo ya shirika la habari la Associated Press ilikwenda kwa Curt Cignetti wa Chuo Kikuu cha Indiana, ingawa timu yake ilitolewa na Notre Dame katika raundi ya kwanza ya mtoano na ubingwa ukachukuliwa na Ohio State. Kura zilipigwa kabla ya mtoano kuanza. Tena, na hili kwangu ndilo zito zaidi, aliikuta timu iliyoshinda michezo 3 tu kati ya 12 mwaka 2023, na katika msimu wake wa kwanza akaifikisha ushindi wa michezo 11.